Vidoa Vidogo Vyeusi: Namna Kiazi Kinavyojikinga na Bakajani

Majani mawili ya kiazi yamelazwa juu ya kaunta ya duka la pembejeo Mbalizi. Ni Januari, mvua imekesha ikinyesha, na akina mama wawili wameshuka nayo kutoka Umalila. Mashamba yao yanapakana, ila kila mmoja alipanda mbegu yake. Jani la kwanza lina baka la kijani-kijivu, limelegea, na ukilipindua unaona utando mweupe mwembamba ukingoni mwa baka. La pili lina vidoa vyeusi vingi, vikavu, vidogo kuliko kichwa cha pini. Utando haupo popote.

"Yote ni bakajani, mama," anasema muuzaji, na kila mmoja anapimiwa dawa ileile kwa kipimo kilekile.

Kuhusu jina la ugonjwa yawezekana hakukosea hata kidogo. Kimelea kinaweza kuwa kimoja kwenye majani yote mawili. Lakini kwa majuma kadhaa jani la pili limegoma kunitoka kichwani, kwa sababu jani la namna ile mara nyingi si la mmea unaoumwa. Ni la mmea ambao umeshajibu.

Na shambani hatujazoea kuuliza mmea umejibu nini. Tunauliza dawa gani.

## Usiku mmoja wa unyevu

Kimelea cha bakajani chelewa, Phytophthora infestans, husafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua kikiwa kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Kifuko kikitua kwenye jani lililoloa kuna njia mbili, na joto ndilo linaloamua. Penye nyuzi 20 hivi kwenda juu, kifuko huchipua chenyewe moja kwa moja. Maji yakiwa ya baridi, chini ya nyuzi 15, kifuko hupasuka na kutoa vijimbegu kadhaa vyenye mikia miwili, na kila kimoja kinaogelea kutafuta mahali pa kuingilia. Kifuko kimoja kinageuka mashambulizi kadhaa. Anayejua usiku wa masika wa Umalila, Makete au Uwemba anaelewa kwa nini ugonjwa huu huku kwetu haubembelezi.

Kijimbegu kikitulia hupoteza mikia, hujijengea ukuta, huchomoza mrija mfupi, na ncha ya mrija huvimba na kuligandamiza jani mpaka litoboke. Kazi hiyo huchukua saa chache tu za unyevu. Jani lililokauka mapema halikupi hofu hiyo hata kama vifuko vimelitua.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni nta ya juu ya jani na hewa inayopita katikati ya mashina. Nafasi ya sentimita 75 kati ya tuta na tuta na 30 kati ya shimo na shimo inampa mkulima mavuno, lakini pia inayapa majani muda wa kukauka asubuhi. Mkulima anayebana mistari na kisha kuongeza urea mmea ukiwa umeshafunga matuta anatengeneza kichaka laini kinachobaki kimeloa hadi saa sita mchana. Hapo kinga ya kwanza imeondolewa kabla kimelea hakijafika.

## Seli haina wa kumwita

Mmea hauna damu wala chembe nyeupe za kuzunguka mwilini. Kila seli ya jani inajitegemea kwa ulinzi wake. Juu ya ngozi ya seli kuna protini zinazopapasa vipande vya vitu ambavyo mmea wenyewe hauna: kipande cha mkia wa bakteria, kipande cha ukuta wa kuvu. Zikishagusa kitu kama hicho, ndani ya dakika chache kalisi inamiminika ndani ya seli, haidrojeni peroksaidi inazalishwa, na ndani ya saa chache seli inaanza kurundika kalosi, sukari ngumu, pale hasa inapotobolewa.

Vimelea vingi huishia hapo. Ndiyo maana kutu ya ngano haiwashughulishi wenye viazi, na kiazi kilichopandwa kando ya kahawa hakipati chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa.

Lakini Phytophthora si kuvu halisi, ingawa tumezoea kukiita ukungu. Ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Ukuta wake umejengwa zaidi kwa selulosi na glukani, na kitini, ile ambayo mimea mingi huitumia kutambua kuvu, ni kidogo sana. Mmea unalazimika kukitambua kwa alama nyingine.

Hili lina matokeo dukani pia, na hapa pesa nyingi hupotea. Dawa za kundi la triazoli, kama tebukonazoli na propikonazoli, zinafanya kazi nzuri kwenye kutu ya ngano na ya kahawa kwa sababu zinazuia kuvu kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoijenga ngozi ya seli yake. Kimelea cha bakajani chelewa hakitengenezi ergosteroli. Ukipulizia viazi dawa iliyobaki kutoka kwenye ngano umepulizia maji ya bei mbaya. Soma kiini, yaani kemikali yenyewe ya dawa, kilichoandikwa kwenye kibandiko, usisome jina kubwa la juu.

Kimelea kilichofanikiwa kupenya huingiza vijidole kwenye seli hai, na kupitia hapo humwaga protini za kuizima ile tahadhari. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2009 ilionekana ina jeni mia kadhaa za protini za aina hiyo. Kimelea kisicho na ubongo wala macho kimebeba mamia ya njia za kuinyamazisha seli ya kiazi. Nadhani watu wengi wangekiheshimu zaidi kama wangejua hivyo.

## Seli inayokubali kufa

Baadhi ya viazi vina jibu la pili, na jibu hili limo ndani ya seli. Ni protini zinazosubiri moja ya zile protini za kimelea iingie. Ikitambuliwa, seli husika na chache za jirani hujiua, kwa kawaida ndani ya siku moja. Zinakauka na kugeuka nyeusi, zikajaa kemikali zenye sumu kwa kimelea. Kimelea kinabaki kimezungukwa na seli zilizokufa.

Hivyo ndivyo vidoa vya jani la pili.

Mwaka 1915 E. C. Stakman, mtafiti wa Marekani aliyekuwa akichunguza kutu ya shina la ngano, alieleza jambo hili: mmea mkinzani hufa haraka pale ulipoguswa, na kwa kufa haraka unapona. Baadaye, miaka ya 1940, Harold Flor akifanya kazi na kutu ya kitani huko North Dakota alionyesha kwamba kwa kila jeni ya ukinzani ya mmea kuna jeni inayolingana nayo upande wa kimelea. Na mwaka 1940 Wajerumani wawili, Müller na Börger, walitumia kiazi chenyewe. Walikipaka kiazi kilichokatwa aina ya kimelea cha bakajani isiyoweza kukiuguza, kisha wakapaka juu yake aina inayokiua. Ile ya pili ikashindwa pale ambapo ya kwanza ilitangulia. Nyama ya kiazi ilikuwa imetengeneza dawa yake yenyewe.

Kwa nini kujiua kunasaidia? Kwa sababu siku za mwanzo kimelea hiki hula kutoka kwenye seli hai. Siku chache baadaye kinabadilika na kuanza kuua, ndipo baka linapotokea na utando kutoka. Seli ikifa mapema, kabla ya mabadiliko hayo, kinakosa chakula.

Bakajani tangulia ni jambo jingine kabisa. Kuvu wa Alternaria anaishi kwa kuua seli na kula mabaki yake, kwa hiyo kujiua kwa seli ni kumwandalia meza. Aina ya kiazi iliyo imara kwa ugonjwa mmoja haina wajibu wa kuwa imara kwa mwingine. Mkulima anayelalamika kwamba "mbegu kinzani" imemwangusha, kwanza aulizwe ni bakajani ipi aliyoiona.

## Kwa nini ukinzani huisha

Hapa ndipo shaka yangu ilipokaa muda mrefu. Ikiwa jeni moja inatosha kukizuia kimelea, mbona tatizo halijamalizwa?

Lilijaribiwa. Watafiti wa karne iliyopita walichukua kiazi pori cha Mexico, Solanum demissum, wakakipandisha na kiazi cha kula na kupata jeni kumi na moja za ukinzani, wakaziita R1 hadi R11. Zilipofika mashambani zilivunjwa moja baada ya nyingine.

Mfano wa R3a unaonyesha vizuri. Jeni hiyo inatambua protini ya kimelea iitwayo Avr3a. Kimelea kilichobadilisha amino asidi mbili tu kwenye protini hiyo, ya nafasi ya 80 na ya 103, kinapita bila kutambuliwa, na protini yenyewe inaendelea kukifanyia kazi. Mabadiliko mawili, na shamba zima la mbegu ileile liko wazi.

Kimelea nacho hakikai. Afrika Mashariki ukoo wa zamani, US-1, umesukumwa nje kwa sehemu kubwa na ukoo mwingine, 2_A1. Mbegu iliyosifiwa na wazazi wetu haikukutana na kimelea hiki cha leo.

Kuna ukinzani wa aina nyingine ambao hauonekani kwa vidoa. Mmea wake unaugua, lakini polepole: mabaka ni madogo, yanachelewa, yanatoa vifuko vichache. Unatokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kwa hiyo kimelea hakina badiliko moja la kukitoa kwenye shida. Wauzaji hawaupendi kwa sababu hauwezi kutangazwa kwa neno "haiugui". Mimi ningeuchagua kwanza, kila mara. Sherekea, mojawapo ya aina za kiazi, inajulikana kwa kuistahimili bakajani chelewa, na kwenye aina kama hiyo mkulima anaweza kusogeza upigaji wa mankozebu, dawa ya kuzuia, kutoka kila siku 7 za mvua nzito hadi siku 10 au zaidi, mradi anakagua shamba. Kwenye aina dhaifu, siku 7 zenyewe huwa nyingi.

Na kuna njia ya tatu: kurundika jeni. Uganda ilijaribu shambani kiazi Victoria, kile ambacho Kenya wanakiita Asante, kikiwa kimewekewa kwa uhandisi jeni tatu kutoka viazi pori. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kinasimama karibu bila dawa. Kimelea kinahitaji kubadilika mara tatu kwa pamoja, jambo gumu zaidi kuliko mara moja. Sidhani kama litadumu milele, lakini mantiki yake ni sahihi.

## Mfuko wa nailoni

Kabla ya kupima dawa, jani liulizwe. Kazi hii haihitaji maabara.

Chuma majani matano yenye dalili, asubuhi, kutoka sehemu tofauti za shamba. Yaweke kwenye mfuko safi wa plastiki unaopitisha mwanga pamoja na kipande cha karatasi laini kilicholoweshwa na kukamuliwa, majani yasiogelee. Jaza hewa, funga, weka ndani ya nyumba mahali pa baridi pasipo na jua. Baada ya saa 24 hadi 36 pindua kila jani ukiliinamisha kwenye mwanga wa pembeni. Utando mweupe kuzunguka baka maana yake bakajani chelewa iko hai na inazaa.

Kama hakuna utando, usikimbilie kusema ni kinga. Rudi shambani, chagua mimea mitatu, zungushia vidoa kadhaa kwa kalamu ya wino na uweke kijiti. Siku tatu baadaye angalia. Vidoa vilivyobaki ndani ya duara na kukauka ni vya mmea unaomudu. Vikipanuka vikiwa na miduara ndani ya miduara, tena kwenye majani ya chini yaliyozeeka, hiyo ni bakajani tangulia. Vidoa vya umri mmoja, vilivyotokea kwa pamoja upande wa juu ambapo matone yalituama, na hata magugu yanavyo, ni jani lililounguzwa na bomba lililochanganywa kali.

Makosa mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza ni kuchuma majani yaliyopigiwa dawa jana, kwani dawa inaweza kuzuia utando usitoke. La pili ni kusahau kunawa mikono baada ya kushika majani ya mfukoni na kwenda moja kwa moja kwenye shamba zima.

Ukithibitisha bakajani chelewa kwenye aina dhaifu, usingoje siku hata moja. Mankozebu hukaa juu ya jani tu, haiponyi kilichokwisha kuingia, na jani linalochipua baada ya kupuliza halina kitu. Metalaksili huingia ndani, lakini kimelea huizoea upesi. Itumike ikiwa imechanganywa na mankozebu, si zaidi ya mara mbili kwa msimu, na isianze kutumika wakati nusu ya shamba imeshaungua.

## Kuhusu zile za "kuongeza kinga"

Siku hizi kuna chupa zinazouzwa kwa ahadi ya kuamsha kinga ya mmea. Msingi wake wa kisayansi upo. Mwaka 1961 Frank Ross alionyesha kwamba jani la tumbaku lililoshambuliwa na virusi huyafanya majani mengine ya mmea huohuo yawe magumu kushambuliwa, na baadaye ikajulikana kwamba asidi ya salisili ina sehemu kubwa katika kuamsha kinga hiyo.

Lakini mmea huchukua siku kadhaa kujiandaa, na maandalizi yanaula: sukari inayotengeneza kinga haiendi kwenye kiazi. Chupa ya namna hii ikipuliziwa shamba lenye mabaka imechelewa, na ikipuliziwa kila wiki mmea wenye afya unalipia hofu ya mwenye shamba.

## Mbozi nako

Wenye kahawa wanaijua hali hii ya kusoma dalili vibaya. Chulebuni iligunduliwa Kenya mwaka 1922, na tunda changa la kahawa, hasa kati ya wiki ya 4 na ya 14 baada ya maua, ndilo linalodhurika zaidi. Kwenye aina dhaifu doa jeusi hudidimia na tunda likaoza. Kwenye aina kinzani tunda hujenga tabaka la gamba chini ya doa, doa likabaki juujuu, rangi ya hudhurungi iliyopauka, na mbegu ndani ikakua salama. Ni kovu. Mkulima akiliona anaweza kuhesabu ugonjwa mahali ambapo mti umeshinda.

Aina chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zilizoanza kutolewa 2005, ambazo miche yake inapatikana pia Mbimba, zinakinzana na chulebuni na kutu ya majani kwa pamoja. Sehemu ya ukinzani huo asili yake ni chotara wa Timor, mti uliotokana na arabika na robusta kukutana zenyewe. Kahawa hukaa shambani miongo kadhaa bila kubadilishwa, kwa hiyo huko kuchagua mche ni uamuzi mzito kuliko wa kiazi.

## Haraka ina bei yake

Lori la Dar es Salaam linataka viazi mapema, na mkulima anataka aina ya miezi mitatu. Inaeleweka kabisa. Ila kwenye kiazi ukomavu wa haraka na udhaifu kwa bakajani chelewa huelekea kwenda pamoja. Kwenye kromosomu ya tano eneo linaloamua muda wa kukomaa liko jirani na eneo linalohusika na ukinzani. Aina za kuchelewa ndizo mara nyingi hustahimili. Anayeahidi aina ya siku themanini isiyoguswa na ugonjwa aulizwe ilijaribiwa wapi, na msimu gani.

Ushauri wangu kwa nyanda zetu ni kugawanya: aina ya haraka ipandwe ukame unapokaribia, kwenye vinyungu penye maji ya bonde na majani makavu, aina ya polepole ibebe masika. Na vinyungu visiwe mahali pa kuhifadhi ugonjwa kati ya misimu. Maotea, vile viazi vinavyojiotea kutoka mavuno yaliyopita, yang'olewe kabla shamba jipya la jirani halijachipua.

## Ngozi ya kiazi

Vifuko vya bakajani vinavyoanguka kutoka majani huoshwa na mvua kuingia udongoni, na huko hukuta kinga ya mwisho: ganda la kiazi, lenye tabaka la suberini lisilopitisha maji. Ganda hilo halikomai mpaka mashina yafe. Kiazi kilichochimbwa kikiwa na ganda la kuchubuka kwa kidole kinaingia ghalani kikiwa wazi.

Pandishia udongo mara mbili, tuta liwe nene juu ya viazi. Majani yakishaungua sehemu kubwa, au mazao yakishafikia ukubwa, kata mashina usawa wa ardhi na uyaondoe shambani. Subiri siku 10 hadi 14. Chimba siku ya ukavu, na usichanganye kiazi kilichopigwa jembe na kizima. Kilichopata jeraha kinaweza kujiponya: ukikiweka gizani penye nyuzi 12 hadi 18 na unyevu wa kutosha, bila maji juu yake, seli za kidonda hujifunika suberini upya ndani ya wiki moja hadi mbili. Kikianikwa juani kidonda hukauka bila kufunga. Kikifungiwa kwenye gunia lililoloa, kinaoza na kuozesha jirani zake.

Mashina yaliyokatwa yafukiwe kina cha jembe au yachomwe yakikauka. Viazi vibovu vilivyotupwa kando ya shamba ndivyo vinavyochipua kwanza mvua za Novemba zikianza, na kama vina kimelea ndani, shamba la kwanza kuungua litakuwa lililo karibu navyo.